Phare ya Fuso Juu ya Jiwe

Yaya Furaha, mukubwa wangu, nakusalimia kutoka katikati ya ziwa, karibu na Bukavu.

Usidanganyike na hoteli ya kwenye picha ya kadi hii. Nalala kwa papa Zihindula, mwenye kulinda taa ya kuongoza boti kwenye kisiwa cha mawe. Waliposema phare, mimi mwenye kufika Kampala na Dubai (Dubai nilipita tu) nilingojea munara mukubwa. Kumbe iko phare ya lori, taa ya mbele ya Fuso, imefungwa kwenye muti. Nilicheka mpaka papa akaniambia: "Cheka tu, mutoto yangu. Siku betri yake ilikufa, mutumbwi wa mudogo yako ulipiga jiwe hili."

Tumemutafuta Bahati wetu kila fasi. Tumepata kiatu kimoja.

Nilitoa betri ya gari yangu, nikaifunga hapa. Gari imelala Bukavu kama mbuzi mugonjwa. Kila mangaribi nawasha phare. Boti zinapita, zinapiga honi ya kushukuru, na hakuna yenye inamuleta.

Nimekudanganya mara nyingi, yaya, lakini leo hapana: usimuwekee tena sahani. Chakula chake wape watoto, na uwabusu.

Mudogo yako mwenye kubaki,
Chance