Resho Chini ya Nguo

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimia sana. Huku Bukavu tuko wazima, papa yako Bahati amepona malaria. Uliniuliza ku telefone kwa nini, umeme ikikatika, nazunguka nyumba yote kutosha waya za vitu ku prize ya ukuta. Mulizoea kunicheka. Sababu yenyewe hata papa yako haijui.

Wakati alikuwa angali mutoto, tulikaa mu nyumba ya mbao, imebanana na ya jirani yetu Maman Chantal. Siku moja umeme ilikatika nikipika maharagi ku resho, jiko yangu ya umeme. Nikatosha sufuria, na resho ilipopoa, nikaweka juu yake kitunga ya nguo. Waya nikaiacha ku prize. Nikaenda soko ya Nyawera. Nyuma yangu umeme ikarudia.

Nilikuta nyumba zote mbili zimeisha kuungua na moto. Asante Mungu, hakuna mutu alikufa. Watu walisema moto ilitoka ku mbabula, jiko ya makala ya Maman Chantal, maana yeye alipikia makala kwa mulango. Mimi nilifikiri resho yangu, nikanyamaza. Halafu yeye mwenyewe akakuja, akapiga magoti.

“Maman Bahati, unisamehe. Pengine sikuzima makala muzuri.”

Nikamujibu: “Nimekusamehe.”

Alihamia Luvungi na watoto wake, na huko alifariki.

Mujukuu wangu, ukitoka nyumbani, utoshe resho ku prize, hata kama umeme haiko. Sasa nimesema. Lakini si wewe nilipashwa kuambia.

Ni mimi, koko yako.