Kitambaa cha Mbegu ya Mtindi

Rahaleo, Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Kabla barua hii haijasomwa zaidi, mwambie Neema, maana najua ndiye anayekusomea, akitoe kile kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani ya bahasha, akiweke mahali pakavu penye kivuli. Asikifue. Namjua mdogo wangu na mapenzi yake ya sabuni, kwa hiyo narudia: asikifue, asikikung'ute, asikianike juani. Kimekakamaa na kina ukoko wa njano kama kitambaa kilichomwagikiwa uji, na huo ukoko ndio mzigo wenyewe. Nitaeleza.

Sasa shikamoo, Mama. Goti lako linaendeleaje? Baba anasema umeacha kulala nalo macho, lakini Baba ukimuuliza habari za mtu yeyote atakwambia mzima, hata kama mtu huyo yuko kitandani, kwa hiyo nasubiri kusikia kwako. Je, mtama umeshika? Na paa la jikoni, fundi alirudi, au bado yuko njiani tangu mwaka jana? Sisi huku tu wazima kabisa. Mjukuu wako ameota meno ya mbele na anamng'ata kila mtu bila ubaguzi, akiwemo mchungaji wetu. Shule imefungwa, joto ni lile lile la Mtwara ambalo nimeacha kulilalamikia kwa kuwa halisikii.

Baba atakapofika na bahasha hii atakusimulia safari yake. Atakuambia juu ya meli, maana barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na yeye ambaye tangu azaliwe hajaona maji yasiyo na ng'ambo ilibidi apande. Atakuambia hakutapika. Mama, alitapika. Lakini juu ya Agostina najua atasema maneno mawili tu kisha atauliza ng'ombe wamelala wapi, na mimi sitaki mambo haya yaishe kwa maneno mawili. Ndiyo maana nimekaa hapa sebuleni naandika.

Unajua jinsi mambo yalivyokuwa. Tangu nifunge ndoa, katika kila barua ya Baba mke wangu alikuwa "huyo mwanamke wako". Wala simlaumu sana. Aliambiwa mwanawe amekwenda kusini kufundisha, akaoa Mmakonde wa kando ya Ruvuma ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, watu wa muhogo na samaki, ambao hawajawahi kufuga hata ndama. Aliposema "atakunywesha nini mgeni?" hakuwa anatania. Nawe mwenyewe uliwahi kunisimulia jinsi Babu alivyokukalisha mwaka mzima bila kupokea kikombe cha mtindi mkononi mwako, na siku alipopokea ukaenda kulia nyuma ya zizi kwa sababu sasa ulikuwa binti wa nyumba. Basi Agostina alikuwa akisubiri siku hiyo, na mimi nilikuwa nikiisubiri kuliko yeye.

Kibuyu ulichonipa likizo ile ya kwanza, kikiwa na mtindi kidogo chini ili mbegu isife njiani, kilifika salama. Nilipooa, mimi ndiye niliyemfundisha Agostina, au niseme nilijifanya namfundisha. Mtoto wa kiume huona mambo ya jikoni akipita tu. Nilichemsha maziwa, nikatia kijiko cha mbegu yangali yakitoa moshi, asubuhi tukakuta maziwa yale yale yakinitazama. Alicheka huyo! Tangu siku ile alinifukuza jikoni. Akaanza kudondoshea tone la maziwa ndani ya kifundo cha mkono, kama anavyopima uji wa mtoto. Likiwa halichomi wala halipoi, ndipo anatia kijiko, anafunika, na kukiegemeza kibuyu penye mchanga mbichi karibu na mtungi wa maji, kwa sababu joto la huku huchachusha kupita kiasi mpaka mtindi ukakatika ukawa maji na mabonge. Hilo la mchanga hata wewe hukulijua, Mama, kwa kuwa hujawahi kulihitaji.

Shida ilikuwa kufukiza kibuyu. Ule mti wetu wa kufukizia huku haupo. Agostina akafikiri kama mtu wa Mtwara anavyofikiri: akachukua maganda ya korosho, ambayo huku ni kuni ya bure, akayachoma na kukifukiza kibuyu chote. Sijui kama umewahi kukutana na mafuta ya ganda la korosho. Tuliokunywa mtindi ule tulivimba midomo, nami nilikwenda darasani nikiwa na mdomo wa juu uliotangulia mbele yangu. Baada ya hapo akajaribu kaa la kifuu cha nazi, na Mungu akaonekana. Mtindi wa kifuu una harufu ya moshi mtamu, laini, ambayo sasa nikiikosa chai yangu hainogi. Maziwa tunapata kwa mzazi mmoja wa shuleni mwenye ng'ombe wa kisasa kule Naliendele, na kila mara, kabla hajagawa, Agostina huweka kijiko pembeni kwa ajili ya kesho. Hajawahi kusahau.

Basi Baba akaandika kwamba anakuja kumwona mjukuu. Hakuandika kuwa anakuja kumwona mkwe.

Mama yake Agostina akaona si adabu mkwe mwenzake atoke mbali namna hiyo asimkute. Akaja na gunia la unga wa muhogo, samaki wakavu na bashasha zake zote. Siku moja kabla meli haijafika, mimi niko shuleni, Agostina yuko Naliendele kufuata maziwa, yule mama akaamua kusafisha nyumba. Akakifungua kibuyu. Akanusa. Kwa mtu asiyekulia kwenye maziwa, unafikiri alinusa nini? Alinusa aibu ya binti yake. Akamwaga kilichokuwamo chini ya mpapai, akakisugua kibuyu ndani na nje kwa sabuni, mchanga na maji ya moto, akakitundika juani kikang'aa kama kipya.

Tuliporudi alitupokea mlangoni amefurahi, na Kimakonde chake cha kusema nangu badala ya mimi. "Mwanangu, maziwa yalikuwa yameoza kabisa! Nangu nimeosha, nimesugua mpaka mkono unauma. Mkwe angekuta uvundo ule, Nnungu wangu, angesema tumekulea vipi?"

Agostina aliweka ndoo ya maziwa chini taratibu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ahsante, mama," akaingia ndani, nami nikamkuta ameketi kitandani amekishika kibuyu mapajani kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Mama, nilitaka kulia. Mbegu uliyopewa na bibi, ambayo bibi naye alipewa, nimeitunza mwisho wa nchi, na imemwagwa chini ya mpapai kwa mapenzi.

Nikasema tununue maziwa ya unga, tumpe Baba chai, tuseme ng'ombe wa huku wamekauka. Agostina akanitazama. "Baba yako amekuja kutafuta chai?" Akasimama, akafunga kanga, akaondoka kwenda Mikindani.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa Ramadhani uliopita, rafiki yake wa Mikindani, Mama Zuhura, mshona nguo, alionja mtindi wetu akaupenda kwa ajili ya kufuturu, naye Agostina akampa kijiko cha mbegu. Nilimkemea. Nilimwambia kwetu mbegu haitoki nje ya nyumba, ukiitoa umetoa baraka ya zizi. Akanijibu, "Zizi lipi?" nami nikanuna siku nzima. Sasa mke wangu alikuwa amekwenda kugonga mlango ule ule.

Alirudi na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Mama Zuhura hutia mtindi wake sukari na iliki, na Agostina aliogopa njia nzima kwamba mbegu imegeuzwa kuwa halua. Lakini yule mama alikuwa amemwambia, "Sukari naitia kikombeni, shoga, bakulini siitii kitu. Hii ni mbegu yako, mie nimeilea tu." Wakakumbatiana wakacheka.

Lakini kibuyu kilikuwa kimekunywa sabuni. Mtindi wa kwanza ulinukia kama nguo za Jumapili. Baba amekwisha fika, ameketi kwenye kiti changu na fimbo yake, anatoka jasho, na kifungua kinywa chake cha kwanza nyumbani kwangu kilikuwa chai ya rangi. Akaitazama ile chai, akanitazama mimi, akasema, "Nilijua." Neno hilo moja tu. Agostina alilisikia akiwa jikoni. Kutwa nzima alichemsha maji, akasuuza, akafukiza kwa kifuu, akasuuza, akafukiza tena, huku mama yake akimpepelea moto, amejikunja kwa majuto. Jioni wakatia maziwa na mbegu.

Jumapili, tulipotoka kanisani, Agostina alimpigia Baba goti, kibuyu mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Sote tukasimama tukitazama. Hata mtoto aliacha kung'ata. Baba hakunyoosha mkono.

"Nani ameutengeneza?"

"Mimi, Baba."

"Mbegu ya wapi?"

Nilimkonyeza aseme ya nyumbani, maana kwa kweli ilikuwa ya nyumbani. Hakunitazama. Akamweleza yote kwa sauti ya chini: kibuyu chako, kijiko cha Ramadhani, sabuni, bakuli la Mikindani. Mama yake akadakia kutoka mlangoni, "Kosa langu, mkwe wangu. Nangu ndiye niliyeosha. Nilidhani yameoza." Nikafumba macho. Nilijua tumekwisha.

Nilipofumbua, Baba alikuwa amekipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa chote pasipo kupumzika. Akafuta masharubu. Akakinyoosha kikombe tena. Baada ya cha pili akabaki amekishika tu, halafu akasema, "Huu ni wa mama yangu."

Ndipo alipotuambia ambalo wewe hukutaka niandikiwe. Kwamba mwaka ule wa ukame ng'ombe wa maziwa walipokwisha, kibuyu kilikauka na mbegu ikafa. Kwamba tangu hapo unaacha maziwa yalale yenyewe, leo machungu, kesho maji. Kwamba hukwenda kuomba kijiko kwa mtu yeyote kwa sababu kwetu mbegu haiombwi. Mama, miaka yote hii nimekuwa nikikuandikia kwa majivuno jinsi tunavyoitunza mbegu yako, nawe ukinijibu "vizuri, mwanangu", kumbe huna. Imeniuma sana. Ungeniambia.

Kisha Baba akamgeukia mke wangu, na hapa Neema asome polepole. Akasema, "Mwanangu, nifungie mbegu hii nimpelekee mama yako." Agostina akageuka kumtazama mama yake aliyekuwa mlangoni, hajaelewa. Baba akasema, "Siye huyo. Yule wa kwetu."

Agostina alikwenda kulia nyuma ya nyumba, kwa kuwa zizi hatuna. Mimi sikwenda nyuma ya nyumba, nililia pale pale mbele ya baba yangu, wala sikuona haya. Najivunia mke wangu, Mama. Sijui njia nyingine ya kuliandika hilo.

Chupa ingepasuka melini, kwa hiyo Agostina amekilowesha kitambaa safi katika mtindi, akakikausha kivulini, akakilowesha tena mpaka kikakakamaa. Alijaribu kwanza kipande kingine, kikaamka vizuri, maziwa yakaganda. Anasema uchemshe maziwa, upime tone kifundoni, likiwa halichomi wala halipoi udumbukize kitambaa, ufunike, uache mpaka kesho yake. Mtindi wa kwanza utakuwa mwepesi, usiukatie tamaa; chukua kijiko utie kwenye mwingine, nao ule wa pili utakuwa ule unaoujua. Ukisikia moshi wa kifuu kwa mbali, hiyo ni Mtwara, itaisha.

Ana sharti moja. Anasema ukiganda, kijiko cha kwanza umpelekee jirani, hata kama hajaomba. Nilimwambia hutakubali. Amesema nikuandikie hivi hivi: "Mwambie mama, huko ndiko nilikoikuta yangu."

Mpe mama mdogo salamu zangu, na shangazi wa mlimani, na yule mjomba anayesema Mtwara ni nje ya nchi, mwambie Baba amefika bila pasi. Mzee wa kanisa aliyenifundisha kusoma umwambie namkumbuka. Mama mkwe anakusalimu sana na anaahidi kutoosha kitu chochote atakapokuja kwako.

Ni sisi wanao,

Elia

na Agostina, aliyenikataza nisiandike "mkwe wako".