Plaketi yangu na swichi ya ukutani

Jumanne, jioni

Miye mwenyewe nilikosea. Hapa Mulongwe umeme ukikatika hatuzimi swichi. Tunaacha taa itujulishe umerudi. Na mimi nikakaa kuchomelea, kwa chuma cha kupasha makaani, plaketi yangu, kibao cha saketi cha kuunganisha karte kubwa ya grafiki na kompyuta, waya zake zikiwa kwenye kompyuta na kwenye soketi ya ukutani.

Umeme ukarudi. Plaketi ikatoa moshi, kompyuta ikazimika. Hata sasa haiwaki.

Plaketi nitatengeneza ingine. Lakini kompyuta…

Watu wa avenue nzima walikuwa wanapiga kelele za furaha. Mdogo wangu Neema akaingia mbio, sharjere ya kuchajia kompyuta mkononi, anacheka.

“Yaya, umeme iko! Nipe kompyuta yangu nimalize ripoti ya staji ya kazini.”

Nikamwambia bado ninaitumia.