Mashine Yangu na ya Mama Yako Mdogo

Mwanangu kipenzi,

Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua. Wewe je, unakula vizuri? Umeniuliza projekta ipi nzuri, yangu au ya mama yako mdogo, ili ukija na mchumba wako mtazame ile filamu aliyokupiga marehemu baba yako ulipoanza kutembea.

Basi nikaenda na mkanda wetu kwake, nilinganishe. Yake haina kelele, na taa yake kali kama jua la saa sita. Yangu inakoroma kama babu yako, na picha ina ukungu. Huyo mke mwenzangu akajishaua, "Dada, hiyo yako kafugie kuku!" Nikacheka meno nje, roho inaniungua.

Lakini mwanangu, kwa taa ile nimeona jambo. Ule mkono uliokushika ulipopiga hatua ya kwanza, ambao miaka yote nakwambia ni wangu, una bangili zake. Kumbe siku hiyo mimi nilikuwa kiwandani nashona. Yeye naye aliona. Akazima mashine, akaniletea chai. Huruma yake imeniuma kuliko zile bangili.

Kwa hiyo jibu ni kwamba yake nzuri. Ila mkanda nimerudi nao. Mlete mchumba hapa kwangu, nitafunga mapazia, tutazame kwa hii yangu, na wewe umwambie ule mkono ni wangu.

Ni mimi, mama yako wa kukuzaa.