Shangazi wa Mabira

Jumamosi, Nyakahanga

Mgongo unaniuma. Kwenda Mabira na kurudi kwa bodaboda si mchezo kwa umri wangu, na kesho nina zamu wodini.

Ila kilichonichosha zaidi ni kutafsiri. Ruth, mgeni wangu kutoka Uingereza, anatafuta habari za babu yake, mlowezi aliyelima kahawa huku enzi za mkoloni. Kama Ruth, alikuwa wa Marafiki, lile dhehebu linaloabudu kwa kukaa kimya. Wiki nzima nimetafsiri sifa tupu kutoka kwa wazee: mpole, hakuwahi kumpiga kibarua.

Leo Bibi Kokugonza, mkongwe tuliyemfuata Mabira, alimtazama Ruth usoni, akaniambia kwa Kinyambo, “Mwambie babu yake ndiye baba yangu. Alirudi kwao nikiwa bado nanyonya.”

Nilitamani kumdanganya Ruth, tuage tuondoke. Lakini bibi alikuwa amenikazia macho. Nikatafsiri yote.

Ruth akainamisha kichwa. Akafumba macho.

“Mbona hasemi?” bibi akauliza.

“Nadhani anasali, Bibi.”

“Baba naye aliondoka hivyo hivyo, bila kusema neno.”

Hilo nalo nikalitafsiri. Ruth akaniuliza dada wa baba huamkiwaje huku. Nikamwambia. Akapiga magoti sakafuni.

“Shikamoo, shangazi.”

Nilidhani bibi atatufukuza.

“Marahaba. Mmechelewa sana.”

Kisha akamshika mkono, na hakuuachia mpaka dereva wa bodaboda alipopiga honi mara ya pili.