Hotuba Zinazokuja Zimeshaandikwa

Mpwa wangu mpenzi,

Huku sote wazima. Tangu asubuhi pazia la ofisi linapepea taratibu kama linaota, nami nachapa huku nikielea nalo.

Kazi yangu wizarani unaijua: hotuba za waziri kuhusu nchi za nje. Siku hizi zinakuja zimeshaandikwa na chama cha wauza silaha. Mimi nafuta jina lao naweka la serikali. Juzi nikalisahau moja. Waziri akasimama bungeni, akasoma kwa madaha: “Sisi wauza silaha tunaamini jirani yetu ni hatari.” Nikajua kibarua kimeota nyasi. Wabunge wakapiga makofi.

“Mzee, tulia,” karani mwenzangu akacheka. “Hapo ndipo tuliposema kweli.”

Leo wameleta nyingine. Inatangaza kwamba kikosi chenu kitavuka mpaka. Mama yako sijamwambia. Anakufumia sweta, anaimba.

Nakosea kila ukurasa makusudi ili nirudishiwe, hotuba ichelewe. Mara ya nne hii. Bosi ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Ukipata barua hii, ugua. Uteguke mguu, uharishe, chochote, lakini leo leo.

Mjomba wako, anayechapa kwa kidole kimoja