Mume wa yule mwanamke
Jumamosi, mjini Ibra. Vumbi tangu asubuhi, madirisha nimeyafunga yote, na kichwa changu kimevurugika kuliko hewa ya nje.

Kisa ni kitabu.

Mwalimu mwenzangu skuli aliniazima riwaya ya zamani ya Kifaransa, iliyofasiriwa kwa Kiarabu. Mke wa hakimu anampenda kijana askari, na wanaishia pabaya wote wawili. Nimeililia wiki nzima.

Mume wangu, Salim, anafanya kazi mji wa Sur, mbali na hapa. Huja Alhamisi, hurudi Jumamosi. Jana tulikwenda kijijini Samad kumwamkia mama yake, na njiani nikawa nasoma huku najipangusa macho. Akaniuliza kuna nini, nikamsimulia.

Baada ya sala ya Ijumaa akakichukua kitabu, akakaa nacho pembeni mpaka alasiri. Ndugu zake wanaongea, yeye anafungua kurasa. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kitabu cha dini. Nikamwambia ni hadithi tu. Sikuthubutu kumwambia hadithi ya nini.

Tulipokuwa tunarudi, Salim akasema anamhurumia yule hakimu. Mimi hata sura yake siikumbuki. Kurasa zote zile nilikuwa nawalilia wapenzi. Mumewe nilimpita kama mtu anavyopita kiti.

Kisha akaniuliza, macho yake barabarani, "Nasra, na wewe umenichoka namna ile?"

"Hakuna mtu, Salim. Wallahi hakuna."

"Sikukuuliza kama kuna mtu."

Nikageukia dirishani, nikatazama nje mpaka Ibra.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Mimi sijafanya kosa lolote. Sina askari, sina ninayemuwaza. Basi kwa nini nilijihisi kama nimefumaniwa?

Labda kwa sababu gari lake likiingia siku hizi, mimi huwaza chakula, huwaza nguo zake za kufua. Yeye mwenyewe simuwazi. Ni mtu mwema. Hajawahi kuninyanyulia sauti. Kila mtu ananiambia nina bahati, nami huitikia alhamdulillahi, na naisema kweli.

Lakini swali lake lilikuwa jepesi. Neno moja tu, "hapana," lingetosha. Mbona halikutoka?

Leo mchana ameondoka mapema kuliko kawaida. Nilimsindikiza mpaka getini. Akaweka begi lake nyuma, akasimama na funguo mkononi.

"Nitakuja Alhamisi," akasema. "Kama unataka."

Miaka sita ya ndoa, hajawahi kuniongezea hayo maneno. Yaliniingia kifuani kama maji baridi.

"Njoo Jumatano," nikamwambia.

"Jumatano nina zamu."

"Omba ruhusa."

Akanitazama kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo. Akapanda gari, akaenda zake.

Sasa nimekaa sebuleni na sijielewi. Sijui kama nimemwita kwa kuwa nampenda au kwa kuwa nimeogopa kumkosa. Sijui hata kama mtu hulijua hilo siku ile ile.

Ninachokijua ni kwamba simu ikilia, naikimbilia. Najua si yeye, bado hajafika Sur.